Dampo Huhama, Taka Hubaki: Kupinga Dai la Elimu ya Usafi

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru wa Tanganyika zilifutwa, na Watanzania wakatakiwa kuiadhimisha siku hiyo kwa kufanya usafi. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi nayo ikawa ya usafi. Nyuma ya kampeni hizi kuna dai lililozoeleka: Dar es Salaam ni chafu kwa sababu wakazi wake hawana elimu ya usafi. Makala hii inalikataa. Mama wa Manzese anayefagia uwanja kabla ya jua kuchomoza hahitaji kufundwa usafi. Anachokosa ni mahali pa kupeleka alichofagia.

Kwamba sehemu kubwa ya taka za kaya zetu ni maganda, makombo na mabaki ya mboga, watafiti hawabishani. Ubishi unaanza pale mafanikio yanapopimwa kwa tani zilizozolewa, kana kwamba taka ikishatoka machoni imekwisha.

Kesi ya Tabata inaonyesha udhaifu wa kipimo hicho. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa kwenye makazi yao. Walishinda. Jiji likaomba muda wa kuendelea kulitumia, likaomba tena, hadi Jaji Lugakingira alipokataa, akiihusisha afya ya wakazi hao na haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Wanasheria wa mazingira wameisifu hukumu hiyo, na inastahili. Tatizo lao ni kwamba wanaishia hukumuni, malori hawayafuati. Malori yalielekea Kunduchi Mtongani, ambako mwaka 1991 wakazi 795 nao walikwenda mahakamani, nao wakashinda. Ikafuata Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kila mara swali lilikuwa nani avumilie harufu. Kilichomo ndani ya lori hakikuulizwa, ilhali maganda mabichi yamejaa maji, na kila kilomita inayoongezwa ni dizeli inayochomwa kusafirisha maji hayo.

Wapo watakaosema kaya zetu haziwezi kutenga taka. Zinatenga tayari! Makombo huenda kwa kuku, chupa huokotwa zikauzwa, vyuma chakavu vina wanunuzi mtaani. Kinachovuruga mpango huu ni lori moja linalobeba kila kitu pamoja, na mkazi aliyetenga akiona hivyo mara moja, kesho hatatenga. Wengine watasema jibu ni dampo la kisasa, na hoja hiyo ina uzito zaidi, maana mabaki yasiyofaa kitu yatakuwapo daima. Ila dampo hilo likijazwa maganda litajaa mapema kama yaliyolitangulia.

Maganda hayo yanaweza kugeuzwa mboji, na hiyo si ndoto. Kinondoni ina kiwanda chake Mabwepande, kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg. Naamini masoko ya Ilala, Buguruni na Mabibo peke yake yakipewa malori ya kupeleka mabaki ya matunda na mboga kwenye mboji, haja ya kutafuta dampo jingine itasogea mbele kwa miaka mingi. Manispaa zianzie huko: ziandike sharti la lori la pili, la taka zinazooza, katika kila mkataba wa uzoaji, kabla ya kuitisha semina nyingine ya kuwaelimisha wananchi.