Yohane na Moto wa Samaria



Tukitaka kuelewa uzito wa matendo ya Yesu kwa Wasamaria, yatupasa kwanza kuijua historia ya uadui wao na Wayahudi.

Mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo, Waashuru waliuteka mji wa Samaria, wakahamisha sehemu ya wenyeji na kuleta watu wa mataifa mengine mahali pao. Tangu hapo Wasamaria walihesabiwa kuwa watu wa damu iliyochanganyika na imani isiyo safi. Hata hivyo walimwabudu Mungu mmoja, walishika vitabu vitano vya Musa na kuadhimisha Pasaka. Walikuwa na hekalu lao juu ya mlima Gerizimu. Kuelekea mwisho wa karne ya 2 kabla ya Kristo, Yohane Hirkano, kuhani mkuu wa Yerusalemu, alilibomoa. Jeraha hilo lilikuwa bado bichi Yesu alipozaliwa.

Luka anasimulia kwamba kijiji kimoja cha Wasamaria kilikataa kumpokea Yesu kwa sababu alikuwa anakwenda Yerusalemu. Yakobo na Yohane walitaka kuita moto kutoka mbinguni, Yesu akawakemea. Katika sura inayofuata, mwalimu wa Sheria alipouliza jirani yake ni nani, Yesu alimpa mfano ambamo kuhani na Mlawi wanapita kando, na Msamaria ndiye anayemhudumia majeruhi. Na penye kisima cha Yakobo alimwomba maji mwanamke Msamaria, akamfundisha kwamba saa inakuja ambapo Baba hataabudiwa Gerizimu wala Yerusalemu. Kisha akakaa na watu wa mji ule siku 2.

Tusidhani kwamba Yesu aliidharau Torati. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, chenyewe kinaamuru kumpenda jirani na kumpenda mgeni. Alichokikataa ni desturi ya kuitumia dini kama ukuta wa kuwafungia wengine nje.

Matunda yalionekana upesi. Matendo ya Mitume, sura ya 8, yanaeleza kwamba Filipo alihubiri Samaria, na Mitume wakawatuma Petro na Yohane kuwawekea mikono waamini wapya. Ni Yohane yule yule aliyetaka kuwateketeza. Sasa anawaombea moto mwingine, ule wa Roho Mtakatifu.

Sisi nasi tuna Gerizimu zetu. Katika parokia zetu, kiongozi wa kwaya huweza kukataliwa kwa sababu ya kabila lake, na aliyekimbia vita huitwa mtu wa kuja hata baada ya miaka mingi. Tunapofanya hivyo, tunasimama pamoja na Yohane wa kijiji kile, kabla hajakemewa.

Maswali ya kutafakari pamoja: Katika kikundi chetu, ni nani anayekaa nyuma kila siku bila kuulizwa neno? Na nani kati yetu atakwenda kwanza kuketi karibu naye?