John Mbiti wa Mulango, mhubiri aliyewaonyesha vijana Mungu wa babu zao

Historia ya Ukristo katika Ukambani, yaani nchi ya Wakamba ambayo leo imo katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui, husimuliwa mara nyingi kuanzia Nzaui huko Makueni, ambako Peter Cameron Scott alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission mnamo Desemba 1895, akafariki kwa homa mwaka mmoja baadaye akiwa na umri wa miaka 29. Masimulizi hayo ni ya kweli na ushujaa wa kijana huyo haupingiki, lakini yanamfanya Mkamba kuwa msikilizaji tu wa habari iliyoletwa na wengine, na aliyeyasahihisha kwa kina ni mwana wa Kitui, kasisi na mwanateolojia John Samuel Mbiti.

Mbiti alizaliwa tarehe 30 Novemba 1931 huko Mulango, kituo kilichoanzishwa na Walutheri wa Leipzig kutoka Ujerumani kisha kikapita mikononi mwa Africa Inland Mission baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alisoma shule ya upili ya Alliance na chuo cha Makerere huko Uganda, akaendelea na masomo Marekani, akapata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1963, na baadaye akatumikia kama kasisi wa Kianglikana.

Utafiti wake wa Cambridge, uliochapishwa kama kitabu mwaka 1971, ulihusu eskatolojia, yaani mafundisho juu ya mambo ya mwisho, na ulichunguza jinsi mahubiri ya wamisionari kuhusu kurudi kwa Yesu yalivyopokewa na Wakamba wenyewe. Mbiti alieleza kwamba nyakati za vitenzi vya Kikamba zinazotaja mambo yajayo hazifiki mbali kupita miaka miwili hivi, kwa hiyo aliyeambiwa kwamba Bwana atarudi alielewa kuwa tukio hilo li karibu mno, na siku zilipozidi kupita imani yake ikatikisika. Ili kufafanua hoja hiyo alichagua maneno mawili ya Kiswahili: Sasa, kipindi ambacho watu wanakiishi na kukikumbuka, na Zamani, bahari kuu ambamo matukio yote hatimaye huzama. Waliofariki lakini bado wanatajwa kwa majina na jamaa zao aliwaita wafu walio hai, kwa kuwa wangali ndani ya Sasa. Wapo wataalamu waliopinga kwamba Mwafrika hana wakati ujao wa mbali, na pingamizi lao lina uzito. Hata hivyo, mhubiri aliyeanza kwa kuuliza msikilizaji amesikia nini alikuwa amefungua njia mpya.

Mimbari yake kubwa ilikuwa darasa. Alifundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, na mihadhara aliyowapa wanafunzi ikazaa kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Kijana wa Kikamba aliyelelewa kuamini kwamba dini ya babu yake ilikuwa giza tupu alijifunza humo kwamba Mulungu, ambaye wazee walimwita pia Mumbi, jina lenye mzizi mmoja na kuumba kwa Kiswahili, alijulikana na kuombwa kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Nzaui. Mwanateolojia wa kiinjili wa Nigeria, Byang Kato, alimshutumu vikali mwaka 1975 kwa kuhofia kwamba mafundisho hayo yanafifisha upekee wa Kristo, ilhali Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu wasomi wa namna yake kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki. Kushambuliwa kutoka pande mbili zinazopingana hivyo kunaonyesha ugumu wa kazi aliyoichagua, ya kuwa Mkristo kamili bila kumkana babu.

Baadaye aliongoza Taasisi ya Kiekumeni ya Bossey, kisha akawa mchungaji huko Burgdorf, Uswisi, lakini Kikamba hakukiacha. Katika uzee wake alilitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki, bila kupitia Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatolewa mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake cha tarehe 6 Oktoba 2019.