Mazoezi katika tiba ya ulaji wa kupindukia kwa vijana wenye unene uliokithiri

Ulaji wa kupindukia ni maradhi ya akili yanayomfanya mtu ale chakula kingi kwa muda mfupi bila kuweza kujizuia, kisha abaki na aibu. Huthibitishwa hali hiyo ikijirudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Tiba kuu ni mazungumzo ya kurekebisha fikra na mienendo. Mazoezi huisaidia kwa kupunguza sonona na wasiwasi, ambavyo huchochea ulaji huo. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 17.

Katika eneo la Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mlima wenyewe ni uwanja wa mazoezi. Kijana wa vijiji vya mlimani kama Kibosho au Marangu akiacha bodaboda na kupanda kwa miguu kati ya migomba hadi kihambani, yaani shambani nyumbani kwao, atatweta vya kutosha. Aanze taratibu magoti yazoee, wala asiruke mlo, maana njaa ya kutwa huchochea kula ovyo usiku. Kosa baya zaidi ni kumkimbiza mtoto kama adhabu ya sahani ya pili ya machalari, yaani ndizi zilizopikwa kwa nyama. Mpira na wenzake, bila kupimwa uzito hadharani, humfaa zaidi.