Keki, Ukwaju na Historia Isiyoandikwa ya Mpanda

Mkoa wa Katavi una umri mdogo katika ramani ya utawala. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao yake makuu yakawekwa Mpanda. Jina lake, hata hivyo, ni la kale kuliko mkoa, na ni la kale kuliko hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974. Simulizi za Wabende zinamtaja Katabi, mwindaji mashuhuri ambaye mzimu wake unakaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na hadi leo wapo wanaoacha sadaka chini ya mti huo wakiomba baraka. Mkoa mzima, basi, unabeba jina la mzimu uliochagua kuishi katika mti wa tunda chachu. Cha ajabu ni kwamba tunda lenyewe halimo katika historia tunayowafundisha vijana wetu.

Nataka kuijadili historia hiyo kwa njia ya keki. Najua baadhi ya wasomaji wangu wataliona jambo hili dogo mno kwa ukurasa uliozoea kuzungumzia katiba, bajeti na ardhi. Nawaomba subira. Jikoni ndiko bajeti na ardhi hukutana.

Keki ninayoizungumzia ni ile rahisi kuliko zote: mayai, sukari na unga wa ngano. Watu wa pwani huiita mkate wa mayai na huitia iliki. Haina siagi, haina hamira. Mpishi huyapiga mayai pamoja na sukari mpaka yaumuke, yawe meupe na mazito, kisha huuchanganya unga taratibu asije akaiondoa hewa aliyoitia kwa jasho lake. Hewa hiyo ndiyo inayoiinua keki motoni. Kabla ya Mwingereza Alfred Bird kutengeneza unga wa kuumulia mwaka 1843, keki nyepesi kwa kawaida ilitegemea hamira au mkono wa mpigaji. Asiye na jiko la umeme huioka kwa sufuria: mchanga kidogo katika sufuria kubwa, chombo cha keki juu yake, kifuniko, kisha mkaa chini na mkaa juu.

Sasa ipasueni keki hiyo katikati na mpake rojo la ukwaju. Ukwaju huloweshwa, hukamuliwa, kokwa na nyuzi huchujwa, na rojo huchemshwa pamoja na asali mpaka lishike kijiko. Uchachu wake hukata utamu wa mayai. Sidai kwamba hayo ni mapokeo ya kale ya Mpanda. Naviweka vitu hivi viwili katika sahani moja kwa sababu mmoja una kumbukumbu zilizoandikwa na mwingine hauna, na tofauti hiyo haikutokea kwa bahati.

Tuanze na kilichoandikwa. Burton alipofika Unyanyembe mwaka 1857, na Stanley baada yake mwaka 1871, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wakilima ngano pembeni mwa njia ya misafara. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga ngome yao Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Hostia ya Misa ya Kikatoliki ni ya ngano, hivyo popote palipowekwa misheni unga huo ulihitajika. Ngano katika nchi yetu ya magharibi iliingia, basi, kupitia milango ya wenye nguvu: wa biashara, na wa dini iliyofuata nyuma ya ngome.

Kisha ikaja reli. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilijenga tawi la takriban kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda. Sababu yake haikuwa abiria wala unga. Ilikuwa madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Madini yaliondoka, reli ikabaki, na mji uliozaliwa kwa ajili ya kutoa ukajifunza kupokea: sukari, chumvi, mafuta ya taa, ngano.

Baada ya Uhuru tuliamua kuizalisha ngano wenyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa Hanang, katika malisho ya Wabarabaig. Wananchi wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Mwanafunzi wa sheria anaijua kesi hiyo kama kesi ya ardhi. Mimi nawaambia wanafunzi wangu kwamba ni kesi ya mkate pia: mji ulitaka unga, na mfugaji akaulipia kwa malisho yake.

Hata hivyo unga haukutosha. Baada ya Vita vya Kagera, wananchi walipanga foleni kwa ajili ya unga, sukari na sabuni, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawasaka wahujumu uchumi. Hata leo sehemu kubwa ya ngano tunayoila hutoka nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilitukumbusha kwamba bei ya andazi la Mpanda inaweza kuamuliwa kwenye Bahari Nyeusi.

Hiyo ndiyo historia ya nusu ya kwanza ya sahani yetu. Ina wasafiri, kampuni, mikataba, hukumu na magazeti. Mwanahistoria akiingia kwenye nyaraka hatoki mikono mitupu.

Je, nusu ya pili? Miombo ya Katavi imelisha watu kabla ya ngano kufika: ukwaju, ntalali, furu, makusu, mbura. Kila tunda lina msimu wake, na kila msimu una wajuzi wake, ambao kwa kawaida ni wanawake na watoto. Wanajua mti upi huzaa tunda tamu na upi huzaa la kukunja uso. Lakini tunda hilo halikupita kwenye mizani ya reli, halikutozwa ushuru bandarini, wala halikuwekewa lengo la uzalishaji. Dola huandika kile inachokitoza kodi. Pembe, nta, tumbaku na mbao za mninga zina vitabu vyao. Tunda la porini lilionekana kwenye taarifa pale tu mazao ya shamba yaliposhindwa, likaitwa chakula cha njaa, na jina hilo likaliachia aibu. Mtoto anayekula ntalali njiani hahesabiwi kuwa amekula.

Matokeo ya ukimya huu ni ya kisiasa. Kisichohesabiwa hakitetewi. Mkwaju una mbao ngumu na hutoa mkaa mzuri, hivyo katika hesabu za sokoni mti uliokatwa una bei na mti uliosimama hauna. Tumbaku ya mvuke, zao la biashara la Mpanda, inakaushwa kwa kuni. Na tuseme ukweli wote: hata keki yetu inaokwa kwa mkaa. Mayai na sukari vinaweza kupanda moto kwa kuuteketeza mti uliokuwa utoe tunda la kuipaka.

Nasikia jibu la watendaji: mwananchi anayekata mkwaju si mjinga, ana ada ya shule ya kulipa kesho. Ni kweli. Sitaki kumhubiria mtu mwenye shida juu ya uzuri wa miti. Ninachosema ni kwamba tumempangia uchaguzi mbaya. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 inayatambua mazao ya misitu yasiyo mbao. Kituo cha utafiti cha Tumbi, Tabora, kwa kushirikiana na ICRAF, kilikwisha kuchunguza matunda ya miombo, na vikundi vya wanawake vikafundishwa kutengeneza jamu na juisi. Ujuzi upo umbali wa safari ya treni. Unachokosa ni safu katika jedwali la halmashauri.

Japani inatoa funzo. Wareno waliwapelekea keki ya mayai katika karne ya 16. Watu wa Nagasaki wakaiita kasutera, wakaifanya yao, na leo hakuna anayewaambia kwamba wanaiga. Chakula cha kuazima huwa chako siku unapokitia kitu cha kwako. Ngano ilikwisha kutufikia, na hairudi. Suala ni tutaipaka nini, na nani atalipwa.

Kwa watumishi wa halmashauri za Katavi, ombi langu ni la kawaida: katika mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kila kijiji, miti ya matunda ya asili ihesabiwe kwa jina na idadi kabla shamba jipya halijasafishwa, na tunda linalofika sokoni liandikwe kama linavyoandikwa gunia la mkaa. Kwa wanaharakati: mnapodai haki ya ardhi, daini pia haki ya kuokota. Na kwa wanafunzi wangu wanaotoka Inyonga, Karema na Mpanda, wanaotafuta mada ya tasnifu na kulalamika kwamba kwao hakuna nyaraka: waulizeni bibi zenu ni mikwaju ipi waliyookotea, ilikuwa wapi, na ilikatwa mwaka gani. Andikeni majibu yao pamoja na tarehe. Hiyo ndiyo itakuwa nyaraka ya kwanza.