Bawabu

Neno bawabu, tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambako *bab* ni mlango, lamstahili yule akaaye kizingitini, ajuaye nani yumo na mgeni apelekwe chumba gani. Na kwa sababu hiyo naliona ndilo jina lifaalo kuliko yote kwa programu ndogo iitwayo GRUB, ambayo kompyuta iwashwapo huamka kabla ya mifumo endeshi, ikaiorodhesha iliyomo, kisha ikaukabidhi utawala kwa ule uliochaguliwa. Kuiita kipakiaji ni kutaja mzigo na kuusahau mlango.

Kwenye diski za mtindo wa zamani bawabu alitengewa baiti 446 tu, mwanzoni mwa sekta ya kwanza, kiti cha mtu mmoja, hata aliyesakinisha mfumo wa pili aliweza kumkuta bawabu mpya amekikalia na wa zamani hayupo. Mashine za leo humpa kila bawabu chumba chake katika kizigeu cha EFI. Lakini tangu toleo la 2.06, la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo jirani pasipo idhini. Basi mwenye mifumo miwili, Debian na Fedora, akiona ya pili imetoweka orodhani, asidhani imefutika, bali akiwa ndani ya Debian afungue faili la /etc/default/grub, aandike GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha atoe amri ya update-grub.