Margate, Mji Uliouza Maji ya Bahari

Katika pembe ya mashariki ya jimbo la Kent, huko Uingereza, karibu na mahali mto Thames umwagikapo baharini, pana mji uitwao Margate. Toka London hata huko ni kama maili 70. Hapo kale palikuwa na kijiji tu cha wavuvi na wakulima wa nafaka. Hapakuwa na dhahabu wala makaa ya mawe, wala jambo lo lote la kumfanya mtu wa mbali alijue jina lake. Hata hivyo, kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi, Waingereza walikwenda huko kila mwaka kwa maelfu, na mali ya mji ilitoka katika vitu viwili ambavyo hakuna mtu aliyevinunua: mchanga na maji ya chumvi.

Msikilizaji aliyezaliwa pwani huenda akauliza, Je, maji ya bahari yauzwaje? Yaliuzwa kwanza kama dawa. Katika karne ya 18 matabibu wa Uingereza walifundisha kwamba maji ya bahari, hasa yakiwa baridi, yaponya magonjwa mengi. Daktari Richard Russell alitunga kitabu juu ya habari hiyo katika mwaka wa 1750, naye aliwaagiza wagonjwa wake wayaoge, na zaidi ya hayo wayanywe. Lakini watu wa Margate hawakumngoja daktari. Katika mwaka wa 1736 seremala mmoja, Thomas Barber, alikuwa amekwisha kutangaza gazetini kwamba amejenga birika la maji ya bahari ndani ya nyumba, ili watu waje kuoga kwa faragha.

Faragha ndiyo iliyotafutwa sana, maana mabibi na mabwana wa siku zile hawakukubali kuonekana wakioga. Basi kilitumika kibanda cha mbao chenye magurudumu. Mgonjwa aliingia, akavua nguo zake, na huku farasi akikivuta kibanda mpaka ndani ya maji. Karibu na mwaka wa 1750 Bwana Benjamin Beale wa Margate alikitia kibanda hicho chandarua kikubwa cha turubai, kilichoteremshwa upande wa bahari mpaka kugusa maji. Mgonjwa alishuka ngazi akawa yumo baharini, lakini hakuna jicho lililomwona. Palikuwa na wanawake wenye nguvu ambao kazi yao ilikuwa kuwashika waogaji na kuwazamisha, watake wasitake.

Maskini nao hawakusahauliwa. Katika mwaka wa 1791 Daktari John Coakley Lettsom na wenzake walianzisha hospitali huko Margate kwa ajili ya maskini wa London waliokuwa na kifua kikuu cha matezi. Ilikuwa na vibaraza vilivyo wazi, ili wagonjwa wapate hewa ya bahari. Twajua leo kwamba chumvi haiui vijidudu vya kifua kikuu. Lakini mtoto aliyetolewa katika moshi wa London, akapata chakula chema, usingizi na hewa safi, hakika alikuwa na heri kuliko yule aliyebaki nyumbani.

Miji mingine ya pwani ya Uingereza ilipata wakuu waliosafiri kwa magari ya farasi, na safari hiyo ilikuwa ghali. Margate ulikuwa na bahati yake. Majahazi yake yalipeleka ngano London kwa njia ya mto, nayo yangalirudi matupu. Manahodha wakaona ni afadhali kurudi na abiria. Upepo ukiwa mwema, safari ilikuwa saa nane au kumi. Ukiwa mbaya, abiria walilala njiani, wakitapika, wamebanana na mizigo. Lakini nauli ilikuwa ndogo, na kwa ajili hiyo mafundi na wenye maduka madogo walifika Margate mapema kuliko walivyofika miji mingine. Wakuu waliwacheka. Mimi naona kicheko hicho hakikuwa na haki: mji uliowafungulia mlango watu wa kazi ulikuwa umeona mbali.

Katika mwaka wa 1815 merikebu ya moshi ilianza safari za Margate, isiyotegemea upepo. Mwaka huo huo gati jipya la mawe lilimalizika, kazi ya mhandisi John Rennie, maana lile la zamani lilikuwa limevunjwa na tufani ya mwaka wa 1808. Katika mwaka wa 1812 abiria waliofika kwa majahazi walikuwa kama 17,000. Mnamo mwaka wa 1835 waliofika kwa njia ya maji walipita 100,000. Reli ikafika katika mwaka wa 1846, na gati la chuma likajengwa katika mwaka wa 1855. Kisha sheria ya mwaka wa 1871 ikatoa siku za mapumziko, ambazo mabenki yalifungwa na kazi nyingine nyingi zikasimama. Karani na mkewe na watoto wakaweza kwenda pwani asubuhi na kurudi jioni.

Basi mji ukajengwa kwa ajili ya wageni. Mtaa kwa mtaa zilisimama nyumba ndefu za orofa nne au tano, zenye vyumba vingi vidogo. Mwenye nyumba na jamaa yake walihamia chini, au juu kabisa darini, ili kila chumba chema kipangishwe. Hapa ndipo ulipokuwa udhaifu wa Margate: mji huu ulilima miezi mitatu na kula miezi kumi na miwili. Mvua ikinyesha Agosti nzima, palikuwa na dhiki mpaka mwaka wa pili.

Miaka ya furaha ilikuwa mingi hata hivyo. Katika mwaka wa 1920 Bwana John Henry Iles alifungua bustani ya starehe iitwayo Dreamland, na ndani yake reli ya mbao ipandayo na kushuka kama vilima. Gari lake lilichukua mtu wa breki pamoja na abiria, naye asipoishika breki kwa akili, mambo yaliharibika. Sheria ya mwaka wa 1938 ikaeneza likizo yenye mshahara kwa wafanya kazi. Vita ilipokuja, pwani ilifungwa kwa seng'enge. Na katika mwaka wa 1940 makumi ya maelfu ya askari waliookolewa Dunkirk walishukia katika gati la Margate. Baada ya vita wageni walirudi kwa wingi.

Kisha wakaanza kupungua. Bahari ya Margate haikubadilika. Ilikuwa baridi siku zote. Lakini sasa mtu wa kazi aliweza kulipa mara moja tu, akapata ndege, kitanda na chakula huko Hispania, mahali jua lisipokosekana. Mwenye gari alikwenda apendako. Njia rahisi ndiyo iliyoutajirisha Margate katika siku za jahazi, merikebu na reli. Njia rahisi zaidi ikawapitisha wageni juu ya mji wasishuke. Merikebu za starehe za mto Thames ziliacha safari zao katika mwaka wa 1966. Mwezi wa Januari 1978 tufani ililivunja gati la chuma, na mabaki yake yakasimama baharini miaka mingi. Hospitali ya Daktari Lettsom ilifungwa katika mwaka wa 1996. Dreamland nayo ilifungwa, na katika mwaka wa 2008 moto uliteketeza sehemu ya ile reli ya mbao.

Zile nyumba ndefu je? Vyumba vilivyojengwa kwa mgeni wa juma moja vilipangishwa kwa mwaka mzima, kila kimoja kwa mtu mmoja au jamaa moja. Miji mingine ikaona kodi ya Margate ni rahisi, ikawapeleka huko watu wasio na makao na watoto wasio na wazazi wa kuwatunza. Kazi zilikuwa chache, na maduka mengi ya njia kuu yalifungwa.

Katika mwaka wa 2009 reli ya mwendo mkubwa ilianza kufika Margate, na katika mwaka wa 2011 ilifunguliwa nyumba kubwa ya maonyesho ya picha, iliyopewa jina la mchoraji J. M. W. Turner, aliyesoma shule huko utotoni na kurudi mara nyingi kuichora bahari ile. Dreamland ikafunguliwa tena mwaka wa 2015. Watu wa London wakaanza kuzinunua nyumba ndefu, na bei zikapanda. Wengine waliziweka vitanda vya kupangishwa kwa usiku mmoja au miwili, kama zamani. Na mpangaji aliyekaa chumbani miaka kumi akapewa barua ya kuondoka, ili mgeni wa Jumamosi apate mahali pa kulala.