Onyo la Tanga

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba, 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilifika mbele ya mji wa Tanga. Nahodha wake aliwaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutoushambulia mji yamekwisha, akawapa muda wa saa moja kusalimu amri. Saa ilipita wala bendera haikuteremshwa. Habari zilimfikia Lettow-Vorbeck huko Moshi, na askari wakapakiwa katika gari la moshi kuja pwani. Waingereza, wapatao 8,000, walianza kushuka Ras Kasone usiku ule. Lakini shambulio lao kubwa lilikawia hata tarehe 4. Mji uliokuwa karibu mtupu ulikwisha kupata walinzi wapatao 1,000. Kesho yake wavamizi walirudi merikebuni kwa kushindwa.

Sisemi haya kuwasifu Wajerumani, ambao nao walikuwa wageni walioinyang'anya nchi. Nasema kwa ajili ya lile onyo na jinsi lilivyotumiwa.

Tarehe 14 Machi, 2017, kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika programu yake ya Windows. Mwezi wa Aprili, silaha ya kupenya katika ufa huo, iliyoundwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, ilivujishwa hadharani. Tarehe 12 Mei ikaja programu haribifu iitwayo WannaCry. Haikumngoja mtu ye yote afungue barua. Ilipopata kompyuta moja yenye ufa, ilijinakili na kutambaa mtandaoni hata nyingine, ikayafunga mafaili kwa maandishi ya siri, kisha ikadai fidia ya dola 300. Nchi zipatazo 150 ziliguswa, na baadhi ya hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa.

Tanga ilipewa saa moja. Wenye kompyuta walipewa siku 59. Lakini Fox ilionekana kwa macho, na kiraka huja kimya, nasi huahirisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tuvipokee viraka vitolewapo. Tuweke nakala za kazi zetu mahali pasipoungana na kompyuta. Tusifungue faili tusilolijua litokako, maana programu nyingine haribifu huingia kwa mlango huo. Daftari la wagonjwa likifungwa Pangani au Muheza, atakayeumia si mashine, bali mama aliyekuja kutafuta jibu la kipimo chake.